Kambi ya Familia Ambayo Familia Haikai Pamoja

Wasee, leo naongea na makanisa yetu ya Homa Bay na Migori, na najua kuna watu watakasirika. Sawa. Kasirikeni, lakini someni mpaka mwisho.

Agosti imekaribia na matangazo ya kambi za familia yameanza kuzunguka WhatsApp. Ijumaa mpaka Jumapili, nyanda za juu, hewa safi, chakula kipo, njoo na familia yote. Wengine wanaita ritriti, wengine mafungo. Mimi nilienda ya mwaka jana na wazazi wangu na ndugu yangu mdogo, huko juu upande wa Kericho. Shilingi 4,000 kila kichwa, kwa hivyo sisi wanne tulilipa 16,000. Kanisa silitaji, juu shida sio ya kanisa moja. Nimeuliza marafiki wa Awendo, Mbita na Kendu Bay, na kila mtu ananisimulia kambi ile ile.

Niseme mazuri kwanza. Ukitoka kwa joto la ziwa, ukapita miwa ya Rongo, ukapanda Kisii kwa ndizi, halafu majani chai yakaanza pande zote mbili za barabara, roho inatulia yenyewe. Usiku unalala na blanketi mbili. Nyimbo zilikuwa moto. Sina vita na maombi wala na mlima.

Vita yangu ni na Jumamosi asubuhi. Tumemaliza chai, mtu akashika maiki: "Wababa ukumbi mkubwa. Wamama ukumbi wa pili. Vijana kwa hema. Watoto nyuma ya jikoni." Imeisha hivyo. Familia iliyosafiri pamoja ilionana tena vizuri siku ya kupanda basi.

Na huko kila mtu alifundishwa nini? Wababa waliambiwa wao ni viongozi wa nyumba. Wamama waliambiwa venye ya kumheshimu kiongozi wa nyumba, halafu wakatolewa kabla somo liishe, juu kuna kabichi ya kukatwa. Viongozi wa nyumba hawakukata kabichi. Sisi vijana tuliambiwa simu ni mtego, nguo fupi ni mtego, na tujitunze. Kila kikundi kilisemwa mahali ambapo hakipo. Wazazi walifundishwa juu ya vijana bila vijana, vijana juu ya wazazi bila wazazi.

Halafu kulikuwa na sanduku la maswali. Unaandika bila jina, unatumbukiza. Mhubiri akatoa karatasi moja, akaisoma: "Mamangu akijua nina mimba atanifukuza nyumbani?"

Hema lote kimya. Mhubiri akakunja karatasi, akasema hilo tumwachie Mungu, akatoa swali lingine. La muziki wa kidunia.

Mimi bado niko kwa hiyo karatasi. Msichana aliyeiandika alikuwa kati yetu. Na mtu pekee duniani anayeweza kujibu swali lake alikuwa hapo karibu, mita kama hamsini, ukumbi wa pili, akifundishwa ndoa au akikata kabichi. Familia zimelipa, zimesafiri zaidi ya saa tatu ndio zikae pamoja, na huyo mama na huyo mtoto wametenganishwa na ratiba ya kanisa.

Msiniambie hilo ni jambo la mtu mmoja. Utafiti wa serikali wa afya na idadi ya watu wa 2022 ulionyesha kuwa Homa Bay na Migori, asilimia 23 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wamewahi kupata mimba. Kenya nzima ni asilimia 15. Karibu msichana mmoja kwa kila wanne. Sasa hesabu wasichana waliokaa kwa hilo hema. Hilo swali halikuwa la ajabu. Lilikuwa swali la kawaida kabisa, na kanisa lilikuja bila jibu.

Najua mtajibu nini. Mtasema mila yetu haikubali mzazi na mtoto kuongea mambo hayo, hata wazee walitenganisha watu. Kweli, walitenganisha. Kwa Wajaluo wasichana walilala siwindhe, nyumba ya bibi mzee. Lakini siwindhe haikuwa ya kunyamazisha mtu. Yule bibi alikuwa pale kila usiku, miaka na miaka, na kazi yake ilikuwa ni hayo hayo maswali. Alijua kila msichana ni wa nani na anapitia nini. Nyinyi mmechukua kutenganisha, mkaacha bibi. Mkatuletea mgeni wa saa mbili ambaye hajui majina yetu na Jumatatu hayupo.

Mtasema pia kanisa sio hospitali. Sawa, lakini kuna vitu vya bure ambavyo mzazi angeweza kuambiwa ndani ya dakika kumi. Kwamba tangu 1994 Kenya ina sera ya kumruhusu msichana aliyejifungua arudi shule, kwa hivyo mimba sio mwisho wa masomo. Kwamba aliyebakwa akimbizwe hospitali kabla ya saa 72 kuisha, ili apate dawa za kumkinga na Ukimwi. Kwamba mtoto akiwa hatarini kuna namba 116, ya bure. Hakuna hata moja kati ya hayo inayopingana na Biblia. Kumwambia mzazi asimfukuze mtoto wake, nayo inahitaji semina?

Sasa niwaambie mahali ambapo kambi yetu ilifanyika kweli. Jumapili tukirudi, basi liliharibika kabla ya Rongo. Wababa wakazunguka injini kama wanaielewa. Mathe na mimi tukakaa kando ya barabara, tukanunua miwa. Akaniuliza, "Kwani huko kwa hema mliambiwa nini?" Nikamwambia habari ya ile karatasi. Akanyamaza muda mrefu. Halafu, bila kuniangalia:

"Ni wewe?"

"Hapana, Mama. Sio mimi."

"Hata ingekuwa wewe, nyumbani ni nyumbani."

Niko na miaka 19. Hiyo sentensi sijawahi kuisikia kwetu. Na haikutoka kwa ile 16,000. Ilitoka kwa gari bovu na miwa ya shilingi ishirini, juu kwa mara ya kwanza wikendi nzima hakuna mtu alikuwa na maiki, na Mathe hakuwa na kitu cha kupika.

Kwa hivyo wachungaji, viongozi wa vijana, kamati za kambi, naomba vitu vitatu Agosti hii. Moja, toeni mchana mmoja, kila familia ikae chini ya mti wake, mtoto aongee kwanza na mzazi asikilize. Mbili, lile sanduku lisomwe kwa ukumbi wa wazazi pia, bila majina. Wao ndio wako na majibu. Tatu, wababa wakate kabichi hiyo siku. Mkishindwa na hayo matatu, msiandike neno "familia" kwa bango. Andikeni "mkutano," tujue tunalipia nini.

Na wazazi, hamhitaji Kericho. Got Asego iko hapo juu ya mji wa Homa Bay, kupanda ni bure. Panda na mtoto wako Jumapili jioni, mwache aongee, na kabla hamjashuka mwambie ile sentensi ya Mathe.

Na wewe dada uliyeandika ile karatasi, kama unasoma hii: swali lako halikuwa la aibu. Aibu ni ya yule aliyeikunja.