Tanganyika Katika Ibara ya 151

Jamhuri yetu ilizaliwa tarehe 26 Aprili 1964 ikiitwa Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar, jina refu lakini la insafu, kwa kuwa kila mshirika alijiona ndani yake kamili. Na haikutimia miezi saba ila Tanzania ilikwisha kutangazwa, tarehe 29 Oktoba, na Sheria Na. 61 ya mwaka huo ikalithibitisha jina jipya. Hatuna kinyongo nalo. Wananchi walialikwa kupendekeza kabla halijachaguliwa, hisani ambayo watawala wengi hawaifanyi: jirani zetu wa Kongo walipewa Zaire kwa amri ya Mobutu mwaka 1971, na mwaka 1997, alipoanguka, jina hilo likafutwa.

Lakini toleo hili linahusu jina lililoachwa. Zanzibar ilibaki na jina lake na serikali yake. Tanganyika, jina lililowekwa na Waingereza mwaka 1920 na ambalo wazee wetu walilifanya lao kwa kulidaia uhuru, likaondolewa bila sheria kutamka mrithi wake ni nani. Hata hivyo, afunguaye Katiba ya 1977 akafika ibara ya 151, panapofasiriwa istilahi, ataona Tanzania Bara ikielezwa kuwa ni eneo ambalo zamani lilikuwa la Jamhuri ya Tanganyika; yaani sheria yenyewe, ilipotaka kuionyesha Bara ni ipi, haikupata pa kushika ila jina lile lile. Kwa sababu hiyo wabunge 55 waliodai serikali ya Tanganyika mwaka 1993, na Tume ya Jaji Warioba iliyopendekeza serikali tatu mwaka 2013, hawakuzua fitina: walidai jawabu la suala ambalo Katiba imelibeba kimyakimya.

Mwalimu Nyerere alihofu kwamba serikali tatu zitauvunja Muungano, nayo ni hofu ya aliyeujenga kwa mikono yake, yastahiki taadhima. Walakini hofu hujibiwa kwa hoja, na mwenye kuitaja Tanganyika hadharani asihesabiwe kuwa haini. Twawataka watakaoandika Katiba mpya watunge ibara moja iliyo bayana, iseme ama Tanganyika imo ndani ya Serikali ya Muungano, na kwa mamlaka gani, ama ina serikali yake na mipaka ya madaraka yake ni ipi. Waandishi wa makala zifuatazo hawakubaliani juu ya jawabu, nasi tumewaachia kila mmoja kauli yake.