Barua ya Wazi kwa Waziri wa Uchukuzi wa Ufaransa: Njia za Baiskeli Zisikatike Katikati

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya Uchukuzi,
Jamhuri ya Ufaransa

Yah: Kuziunganisha njia za kijani za vijijini ziwe mtandao mmoja

Mheshimiwa Waziri,

Barua hii inahusu njia zinazoitwa voie verte, yaani njia za kijani, ambazo kanuni za barabara za Ufaransa zilizitambua rasmi mwaka 2004 kuwa ni njia zilizotengwa kwa ajili ya waendao kwa miguu, waendesha baiskeli na wapanda farasi, na ambazo magari na pikipiki haziruhusiwi kuzipita. Nyingi kati ya hizo zimetandazwa juu ya matuta ya reli zilizofungwa au kando ya mifereji, nazo hukatiza mashamba ya mizabibu, misitu na vijiji ambavyo mtalii wa gari huviona kupitia dirishani tu, kama anaviona. Linaloombwa hapa ni jambo moja: Serikali Kuu ibebe wajibu wa kuhakikisha kwamba njia hizo zinaungana, kwa kuwa njia iliyokatika, hata pengo likiwa la kilomita chache, humrudisha msafiri kwenye barabara ileile aliyoikimbia, na safari iliyokusudiwa mtoto wa miaka minane na bibi wa miaka sabini hubaki kuwa ya mwendeshaji hodari peke yake.

Ufaransa ina sababu ya kujivunia. Mwaka 1997, katika departementi ya Saône-et-Loire (departementi ni ngazi ya utawala iliyo chini ya mkoa na juu ya komuni, yaani mamlaka ya mji au kijiji), ilifunguliwa njia ya kijani ya kwanza nchini humo, kilomita 44 kati ya Givry na Cluny, juu ya tuta la reli ambayo treni zake zilikwisha kusimama. Ubora wa njia ya namna hiyo unatokana na udhaifu wa gari moshi la zama zile: kwa vile lilishindwa na miinuko mikali, wahandisi walipasua vilima, wakajaza mabonde na kuchimba mahandaki, ili kwa kawaida mwinuko usizidi kama mita tatu katika kila mita mia za mwendo. Leo mtu aliyefunga hema, sufuria na nguo za wiki mbili nyuma ya baiskeli yake huvuka nchi ya vilima bila kushuka kusukuma, na wazazi huwaacha watoto watangulie mbele kwa sababu hakuna gari litakalotokea kwenye kona.

Kusini mwa Cluny, kuelekea Mâcon, mwendelezo wa njia hiyo hupenya handaki la Bois Clair lenye urefu wa takriban kilomita 1.6, ambalo hufungwa majira ya baridi kwa sababu popo hulala humo usingizi wa miezi kadhaa, na anayepita wakati huo hulazimika kupanda mlima kwa barabara ya juu. Kukatika huko kuna sababu inayoeleweka na hutangazwa mapema, na ni vigumu kumpata mwenye busara anayekulalamikia. Malalamiko ya barua hii ni juu ya mapengo ambayo sababu yake pekee ni kwamba ofisi moja imefika mwisho wa mamlaka yake na ofisi ya pili haijaanza kazi.

Mfano ulio wazi kuliko yote uko kusini-magharibi, kwenye safari maarufu inayofuata mifereji kutoka upande wa Atlantiki hadi Mediterania. Kando ya Canal de Garonne, mfereji wa kilomita 193 kutoka Toulouse hadi Castets-en-Dorthe, lami imenyooka chini ya vivuli vya miti, na mwendeshaji hupita malango ya maji, yaani vyumba vya kupandishia na kushushia mashua, moja baada ya jingine, bila kuhitaji kutazama ramani. Akifika Toulouse huingia kwenye Canal du Midi, kazi ya Pierre-Paul Riquet iliyojengwa kati ya 1666 na 1681 na kutambuliwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 1996, na kwa kilomita hamsini hivi za mwanzo hali huwa ileile. Kisha hufika karibu na Port-Lauragais, departementi ya Haute-Garonne inaishia, ile ya Aude inaanza, na lami inakoma. Kwa miaka mingi kilichofuata hapo kilikuwa kijia cha udongo chenye upana wa tairi moja, kilichoinuliwa na mizizi ya miti ukingoni mwa maji, ambacho mvua ikinyesha hugeuka tope, na ingawa ukarabati umekuwa ukifanyika kipande kwa kipande, msafiri aliyetoka mbali bado hawezi kuahidiwa kwamba atafika baharini kwa ubora ule alioanza nao. Mfereji ni mmoja, na maji yake hayajui departementi. Waliougawa ni watunga bajeti.

Pengo la aina ya pili liko katika departementi ya Gironde, nalo ni la kusikitisha zaidi kwa kuwa pande zote mbili za pengo zimejengwa vizuri. Kutoka Latresne, jirani na Bordeaux, hadi Sauveterre-de-Guyenne iko njia ya zaidi ya kilomita 50 juu ya tuta la reli ya zamani, iliyopewa jina la Roger Lapébie, mshindi wa Tour de France ya mwaka 1937, ambaye alikuwa wa kwanza kuyashinda mashindano hayo kwa baiskeli yenye kibadilisha gia. Ni njia nzuri mno. Hata hivyo, anayetaka kutoka Sauveterre kuufikia mfereji wa Canal de Garonne upande wa La Réole hulazimika kwenda kilomita kumi na kadhaa kwa barabara ndogo za vilimani, pamoja na magari na matrekta ya mashambani. Barabara hizo zina utulivu saa nyingi za siku, na wapo watakaosema kwamba zinatosha. Zinamtosha aliyezoea. Lakini mzazi anayekokota kijitoroli chenye mtoto hapimi barabara kwa utulivu wake wa kawaida, bali kwa lile gari moja linalopita kwa kasi, na katika nchi ambayo waendesha baiskeli zaidi ya 200 wamekuwa wakipoteza maisha barabarani kila mwaka katika miaka ya karibuni, hofu hiyo haiwezi kuitwa woga.

Chanzo cha mapengo haya kinajulikana. Matuta ya reli yako chini ya SNCF Réseau, kampuni ya umma inayosimamia miundombinu ya reli, kingo za mifereji ziko chini ya Voies navigables de France, taasisi inayosimamia mito na mifereji ipitikayo kwa mashua, ambayo huzihesabu kingo hizo kwanza kuwa njia za kazi ya matengenezo, ujenzi wa njia yenyewe mara nyingi hugharamiwa na halmashauri ya departementi, mkoa huongezea, na komuni yenye wakazi mia tatu huachiwa mzigo wa kufyeka majani na kuzoa matawi yaliyoanguka. Kila mmoja hufungua kilomita zake na kukata utepe wake. Ramani ya kitaifa ya njia za baiskeli za masafa marefu ipo tangu 1998 na imefanyiwa marekebisho zaidi ya mara moja, kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba Ufaransa haijui inakotaka njia zake zifike. Ramani ipo, anayekosekana ni mwenye kuulizwa pale mstari wa ramani unapokatika ardhini.

Mheshimiwa Waziri ana mtangulizi mmoja ambaye kazi yake inafaa kukumbukwa hapa. Mwaka 1879 Charles de Freycinet, aliyekuwa waziri wa ujenzi, alifanikisha mambo mawili. La kwanza ni mpango mkubwa wa reli za mashambani, wenye njia mpya za maelfu ya kilomita, uliokusudia kila makao makuu ya wilaya yafikiwe na treni. Nyingi kati ya reli hizo hazikupata abiria wa kutosha, zikafungwa kuanzia miaka ya 1930 na kuendelea, na leo ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya njia za kijani. La pili linatajwa mara chache zaidi, nalo ndilo lenye uzito katika hoja hii. Kabla ya Freycinet, malango ya maji yalikuwa na vipimo tofauti mfereji kwa mfereji, hivyo mashua iliyopita huku ilikwama kule, na shehena ilibidi ishushwe na kupakiwa upya. Sheria ya mwaka huo iliweka kipimo kimoja kwa mifereji mikuu, kinachoruhusu mashua ya urefu wa mita 38.5 na upana wa zaidi kidogo ya mita 5, na kipimo hicho bado kinaitwa kwa jina lake. Alielewa kwamba thamani ya mfereji haiko katika urefu wake peke yake, bali katika yote yanayoweza kufikiwa kwa kupitia mfereji huo, na kwamba jambo hilo haliwezi kuachwa kwa kila eneo liamue lenyewe.

Njia za kijani zinangoja kipimo chao cha Freycinet. Kipimo hicho kingetamka upana wa chini, ambao wataalamu wengi huuweka kwenye mita 3 ili baiskeli mbili zipishane bila kumsukumia mtembea kwa miguu kwenye nyasi. Kingetamka aina ya uso wa njia ambao kiti cha magurudumu kinaweza kupita siku ya mvua. Na kingegusa hata vile vizuizi vya chuma vinavyowekwa kila njia inapokutana na barabara. Vizuizi hivyo vinastahili kutazamwa kwa karibu. Vimewekwa kwa nia njema ya kuzuia pikipiki, lakini mara nyingi vyuma viwili hupishanishwa kwa karibu kiasi kwamba baiskeli yenye mifuko pande zote mbili haipiti bila kuinuliwa, ile ya watu wawili haiwezi kukata kona, na mlemavu anayeendesha baiskeli ya mikono, ambaye njia hii ilipaswa kumfaa kuliko wote, hubaki upande wa pili akingoja mtu wa kumsaidia. Kuviondoa au kuvipanua ni kazi ya siku moja ya fundi wa komuni, ikiwa tu yupo wa kumwagiza.

Liko pia suala la ardhi, na hili halina subira. Tuta la reli likiwa kipande kimoja, kutoka mji hadi mji, ni mali ambayo hakuna serikali ya leo ingeweza kuinunua upya. Likishauzwa vipande vipande, huyu akajenga gereji, yule akapanua bustani, daraja likabomolewa ili kuokoa gharama za ukaguzi, basi limekwenda. Wapo wanaopinga njia za kijani kwa hoja nzito kwamba reli hizi zingepaswa kurudishiwa treni, na katika maeneo mengine wana haki kabisa, maana kijiji kisicho na usafiri wa umma hakiwezi kuishi kwa watalii wa miezi mitano. Lakini anayetaka treni na anayetaka baiskeli wana adui mmoja, naye ni mnunuzi wa kiwanja katikati ya tuta. Upo utaratibu ambao SNCF Réseau huikabidhi halmashauri usimamizi wa tuta huku umiliki ukibaki kwenye mali ya umma ya reli, hivyo mlango wa treni kurudi haufungwi. Inaombwa utaratibu huo uwe ndiyo kanuni, na uuzaji wa vipande usitishwe kila panapobaki mwendo usiokatika.

Kuhusu sheria na fedha, yanayosemwa yanaweza kuwa mafupi. Sheria ya mwelekeo wa usafiri ya Desemba 2019 inamtaka msimamizi wa barabara ya nje ya mji, anapoijenga au kuikarabati, atathmini haja ya njia ya baiskeli pamoja na uwezekano wake wa kiufundi na kifedha. Kutathmini si kujenga. Mpango wa baiskeli wa mwaka 2023 uliahidi euro bilioni 2 za Serikali hadi 2027, kisha bajeti zilizofuata zikaubana, na fedha zinapobanwa ndipo inapokuwa muhimu zaidi zielekezwe kwenye mapengo, kwa sababu kilomita kumi zinazoziunganisha njia mbili ndefu huzipa uhai zote mbili, ilhali kilomita kumi za peke yake huishia kuwa mahali pa matembezi ya Jumapili. Vivyo hivyo kwa treni: kanuni ya mwaka 2021 inayodai, kwa ujumla, nafasi 8 za baiskeli katika treni mpya na zilizokarabatiwa itakuwa na maana kamili pale tu stesheni itakapokuwa imeunganishwa na njia ya kijani bila msafiri kuvuka mzunguko wa magari mlangoni.

Wanaonufaika ni wenyeji kwanza. Msafiri wa baiskeli huenda polepole, hushikwa na njaa kila baada ya saa chache, hawezi kubeba chakula cha siku nyingi, na hulala pale jioni inapomkuta, hivyo fedha zake humfikia mwoka mikate, mwenye duka na mwenye nyumba ya wageni wa kijiji ambacho barabara kuu ilikipita kando miaka mingi iliyopita. Njia ikikatika kabla ya kijiji hicho, naye hugeuka kabla yake.

Mheshimiwa Waziri anaombwa aanze na jambo lisilohitaji sheria mpya: Wizara ichapishe orodha ya mapengo yote yaliyobaki katika ramani ya kitaifa, komuni kwa komuni, ikitaja kwa kila pengo urefu wake, mmiliki wa ardhi, sababu ya kutojengwa, na jina la ofisi inayopaswa kujibu, ili mkazi wa La Réole au wa Sauveterre-de-Guyenne anapouliza ni lini, ajue anamuuliza nani.