Fedha Zipo, Karani Hayupo

Wasomaji wetu wengi huisifu Marekani kwa utajiri wake, nasi hatuukatai. Katika mwaka wa 2023 Serikali Kuu ya nchi ile ilitoa ruzuku ya zaidi ya dola trilioni 1 kwa majimbo, wilaya na miji. Lakini yatupasa kuuliza: fedha hizo zamfikiaje mtu mdogo?

Tutazame wilaya ya Lowndes, jimbo la Alabama. Iko njiani kati ya Selma na Montgomery, walikopita waandamanaji wa mwaka 1965 wakidai haki ya kura. Mwanzoni mwa mwaka ule hapakuwa na mtu mweusi hata mmoja aliyeandikishwa kupiga kura katika wilaya ile, ingawa weusi ndio waliokuwa wengi. Kura waliipata. Choo cha kufaa, wako wengi wasiokuwa nacho mpaka leo. Udongo wa huko ni mfinyanzi mzito usionyonya maji. Mashimo ya maji machafu hufurika, na uchafu hurudi ndani ya nyumba au humwagika uani wanakocheza watoto.

Je, fedha zilikosekana? La hasha! Sheria ya miundombinu ya mwaka 2021 ilitenga mabilioni ya dola kwa maji safi na maji machafu. Lakini ruzuku ya Serikali Kuu haiombwi kwa barua moja. Kwanza ofisi ijiandikishe ipewe namba yake, na uandikishaji huo ufanywe upya kila mwaka. Kisha mhandisi achore ramani za kazi, na nani atamlipa mhandisi kabla ruzuku haijaja? Kisha zabuni, kisha kumbukumbu za kazi za kila mtu anayelipwa kwa fedha hizo. Mara nyingi mji hutakiwa kutumia fedha zake kwanza ndipo urudishiwe. Na atumiaye dola 1,000,000 au zaidi kwa mwaka lazima aite mkaguzi wa hesabu kutoka nje. Jiji kubwa lina idara nzima kwa shughuli hii. Mji mdogo una karani mmoja, naye ndiye apokeaye kodi, ndiye aandikaye mambo ya baraza, na ndiye ajibuye simu.

Hatusemi masharti yafutwe. Fedha ya umma isiyokaguliwa ni karamu ya wezi. Twasema kwamba awekaye masharti ana wajibu wa kufundisha namna ya kuyatimiza. Asipofanya hivyo, mwenye makarani hupata, asiye nao hukosa, kisha huambiwa kwamba hakuomba!

Serikali ya Marekani ililijua jambo hili. Agosti 2022 Shirika la Mazingira na Wizara ya Kilimo walianza kuipelekea Lowndes na sehemu nyingine 10 wataalamu wa kupima mahitaji na kuandaa maombi. Aprili 2023 zikatangazwa dola milioni 177 kwa vituo 17 vya msaada wa namna hiyo. Lakini mwaka 2025 utawala wa Rais Trump ulivunja mikataba ya baadhi ya vituo hivyo, na Aprili mwaka huo ukatangua makubaliano ya 2023 yaliyolitaka jimbo la Alabama lishughulikie maji machafu ya Lowndes, ukidai yaliegemea rangi za watu. Upendeleo gani huo, kumwondolea mtu kinyesi uani kwake?

Tuna neno kwa wataalamu pia. Mtaalamu ajaye na mkoba, akaandika maombi, akachukua ujira wake akaenda zake, hakusaidia. Mwaka wa pili ataitwa tena, na karani atabaki vile vile. Tangu Oktoba 2024 kanuni zamruhusu mpokeaji asiye na kiwango chake cha mapatano kutoza hadi asilimia 15 ya gharama fulani za mradi kwa matumizi ya ofisi, badala ya 10 ya zamani. Fedha hizo zafaa kumlipa karani wa pili, mwenyeji, aketi na mtaalamu tangu siku ya kwanza mpaka aweze kujaza karatasi zile peke yake. Miji jirani iliyo midogo mno na ishirikiane karani mmoja.

Vituo vilivyofungwa vifunguliwe. Na mhandisi wa Lowndes alipwe kabla ya maombi, si baada yake.