Tangi la Pili la Gari: Uliza Linakaa Wapi Kabla ya Kuuliza Lita Ngapi



Wiki hii tumeletewa barua na mama mmoja wa Malindi. Kwa idhini yake tunaijibu mbele ya wasomaji wote, kwani nyumba zenye jambo kama lake si chache katika pwani yetu.

Mama huyu ni mjane. Miaka minne iliyopita aliuza bangili zake za dhahabu, akashirikiana na mwanawe kununua pikapu ya dizeli kwa masharti ya kugawana faida nusu kwa nusu. Kijana hupeleka barafu na bidhaa za dukani Kipini na kurudi na samaki. Mara nyingine hupakia mizigo ya watu hadi Mokowe. Sasa ataka gari litiwe tangi la pili la mafuta. Fundi amemwahidi pipa la lita 200, litakalofungwa ndani ya bodi, nyuma ya kichwa cha gari, kwa bei nafuu. Kijana amemwomba mamake auze bangili moja iliyosalia, ile aliyovishwa na marehemu mumewe. Mama auliza: je, tangi hili ni haja au ni tamaa ya vijana? Na mwanamke asiyejua gari ana neno la kusema?

Mama yangu, nianze na swali lako la mwisho. Neno unalo. Mali ya ushirika ni amana baina ya washirika, na mmoja hapaswi kuibadilisha hali yake bila ya mwenzake kujua na kuridhia. Tena umetaja katika barua, kama jambo la kupita tu, kwamba wajukuu zako na majirani hupanda nyuma ya gari hilo kwenda harusini na kwenye maulidi. Basi hata kama usingekuwa na shilingi moja ndani yake, ungekuwa na haki ya kuuliza ni kitu gani kitafungwa karibu na walipokaa. Huhitaji kujua injini. Wahitaji kujua la kuuliza.

Tuanze na hesabu, maana hesabu haina upendeleo. Pikapu nyingi za dizeli za aina ya mwanao hutoka kiwandani na tangi la lita 80 au karibu yake. Tuseme gari lililojaa mzigo hutumia lita moja kwa kilomita tisa. Safari ya Malindi hadi Mokowe haifiki kilomita 250, kwa hiyo kwenda na kurudi ni chini ya 500. Hiyo ni lita 56 hivi. Tangi lake la sasa lamfikisha, lamrudisha, na kumwachia akiba ya lita zaidi ya 20. Safari ya Kipini ni fupi kuliko hiyo.

Hata hivyo, kijana hasemi uongo anapodai kuwa ana haja. Ukishapita Malindi vituo vya mafuta huwa mbalimbali, na mafuta yanayouzwa kwenye chupa kando ya njia hayana dhamana. Uchanganyaji wa dizeli na mafuta ya taa ulizidi nchini hadi mwaka 2018 Serikali ikatoza mafuta ya taa ushuru wa shilingi 18 kwa lita ili kuivunja biashara hiyo. Tena wote twakumbuka mafuriko ya mwisho wa 2023, na yale ya 2024, yalivyoikata barabara ya Garsen kwenda Lamu pande za Gamba, magari yakasimama na samaki wakaoza. Dereva aliyekwama au aliyelazimika kurudi nyuma hushukuru kuwa na mafuta ya akiba. Basi haja ipo, lakini ni haja ya lita 40, au 60 kwa wingi wake. Si lita 200.

Tofauti hiyo si ndogo. Lita moja ya dizeli ina uzito wa kiasi cha gramu 840, hivyo lita 200 ni kilo 168, bila ya kuhesabu pipa lenyewe. Ni kama kuwabeba watu wazima wawili na nusu kila safari, waende na warudi, wasilipe nauli. Kila kilo ya mafuta yasiyohitajika ni kilo ya barafu au ya samaki iliyoachwa, na nusu ya hasara hiyo ni yako, mama.

Pipa kubwa lina na fitina nyingine. Mamlaka ya Udhibiti wa Kawi na Petroli hutangaza bei mpya za mafuta tarehe 14 ya kila mwezi. Mwenye lita 200 za ziada hushawishika kujaza kabla ya bei kupanda, kisha auze kwa vibaba huko mbele kwenye uhaba. Kuuza mafuta bila leseni ni kosa katika sheria ya nchi, na kuficha bidhaa ambayo watu wanaihitaji ili bei ipande ni ihtikari, jambo ambalo Mtume wetu (S.A.W.) amelikataza. Simtuhumu mwanao. Nasema tu kwamba chombo cha kadiri ya haja humpunguzia mtu vishawishi.

Sasa tulitazame pipa lenyewe. Nilikwenda kuuliza kwa fundi wa siku nyingi hapa Mombasa, na jambo la kwanza alilouliza yeye ni: pipa hilo lilikuwa na nini kabla? Pipa lililobeba mafuta au kemikali hubakiwa na mvuke ndani hata likionekana kavu, na fundi akilichomelea moto laweza kumlipukia. Pili, pipa halina vizuizi vya ndani. Tangi la gari hugawanywa kwa mabamba yenye matundu ili mafuta yasikimbie yote upande mmoja. Bila ya mabamba hayo, tangi lililojaa nusu huwa na mawimbi kama ya bahari. Dereva akikata kona au akifunga breki ghafla, uzito wote huhamia upande mmoja na kulivuta gari. Tatu, pipa limetengenezwa lisimame ghalani. Halikutengenezwa litikiswe kwenye matuta miaka nenda miaka rudi.

Tangi la haki ni lile lililoundwa kwa ajili ya gari. Aluminiamu ni nyepesi na haipati kutu kama chuma, ila isigusane moja kwa moja na chuma cha gari. Kati yake huwekwa mpira, kwani penye maji ya chumvi metali mbili zikigusana moja huliwa. Gari la samaki huchuruzika maji ya chumvi kutwa kucha, kwa hiyo jambo hili kwenu si dogo. Tangi la plastiki nzito ya kiwandani nalo ni zuri, halina kutu kabisa. Chuma cheusi ni rahisi kwa bei, lakini hupata kutu kwa ndani kutokana na unyevu, na kutu hiyo huishia kwenye chujio na pampu ya injini. Bati lililopakwa zinki, kama la matangi ya maji, halifai kwa dizeli. Zinki huingiliana na mafuta hayo na kuacha uchafu unaoharibu injini. Fundi akikwambia kuwa bati ni bati, tafuta fundi mwingine.

Likishapatikana tangi, swali kubwa ndilo hili: litakaa wapi? Mahali bora ni chini ya bodi, baina ya vyuma viwili vya chesi, mbali na bomba la moshi, na lisining'inie chini kuliko ekseli ya nyuma. Chini yake liwekewe bamba la kulikinga na mawe. Hapo uzito huwa chini, bodi hubaki na nafasi yake, na watu hawakai nalo. Lishikwe kwa mikanda ya chuma na bolti zenye mpira, lisichomelewe kwenye chesi. Moto wa kuchomelea hudhoofisha chesi, nayo ndiyo uti wa mgongo wa gari. Ikiwa chini hapana nafasi na hapana budi likae ndani ya bodi, basi libane kwenye ukuta wa mbele, lifungwe kwa bolti zinazopita sakafuni na kushikwa na vibamba vipana kwa chini. Kamba na waya havitoshi. Na tangi likikaa ndani ya bodi, abiria wasikae humo tena. Hili halina mjadala.

Mafuta yatahamaje? Wako wanaofungua bomba yakateremka yenyewe, lakini bomba likisahauliwa wazi tangi la mbele hujaa na kufurika. Njia ya salama ni pampu ndogo ya umeme ya dizeli, yenye swichi mbele ya dereva, fyuzi yake mwenyewe, na vali isiyoruhusu mafuta kurudi nyuma. Dereva husubiri tangi kubwa lifike nusu, ndipo awashe pampu, na huizima kabla halijajaa. Njia hii huondoa pia ile desturi mbaya ya kufyonza mafuta kwa mdomo kupitia mpira. Tone likiingia mapafuni laweza kumlaza mtu hospitali, au kumwua.

Kitu kinachosahauliwa zaidi ni pumzi ya tangi. Tangi lisilopumua hubonyea pampu inapovuta, na huvimba jua linapolipiga. Liwe na kibomba cha pumzi kilichopandishwa juu ya mdomo wa kujazia, chenye vali ya kuzuia mafuta yasimwagike gari likipinduka, na kielekezwe nje, kamwe kisielekezwe kwenye kichwa cha gari. Wala tangi lisijazwe hadi mdomoni. Dizeli hutanuka kwa joto, basi liachiwe nafasi kidogo.

Kabla ya kufungwa, fundi alijaribu tangi kwa upepo kidogo na povu la sabuni, apate kuona panapovuja. Likishafungwa, litiwe lita 20 tu, gari lizungushwe mjini, kisha litandikiwe karatasi chini usiku kucha. Asubuhi karatasi itasema kweli. Bolti zikazwe tena baada ya wiki moja ya kazi. Na kampuni ya bima au ya takaful ijulishwe kwa maandishi kwamba gari limebadilishwa. Mwenye kuficha huenda akanyimwa fidia siku ya ajali.

Mama yangu, nimeacha mwisho jambo ambalo hukuliuliza, nalo limenishitua kuliko pipa. Umeandika kwamba mwanao huwapelekea wavuvi petroli ya mashine za mashua kwa jerikeni, na kwamba siku moja ulizikuta zimewekwa chini ya benchi walilokalia wanawake na watoto. Dizeli ina subira. Haitoi mvuke wa kushika moto mpaka ipate joto la zaidi ya nyuzi 50, ingawa ikimwagikia bomba la moshi lililochemka yaweza kuwaka. Petroli haina subira hiyo. Hutoa mvuke huo saa zote, hata kwenye baridi. Mvuke ni mzito kuliko hewa, hivyo hutulia chini, miguuni pa watu, ukingoja cheche moja. Tangi la pili la dizeli halitaliondoa jambo hili hata likiwa bora namna gani. Amri itoke kwako leo: petroli na abiria wasisafiri pamoja. Jerikeni ziwe za mafuta hasa, zijazwe zikiwa zimewekwa ardhini, si juu ya bodi, kwa kuwa huko umeme wa msuguano unaweza kuzaa cheche. Gari liwe na mtungi wa kuzimia moto wa unga mkavu, kwani maji husambaza mafuta yanayowaka.

Nakuja kwenye bangili. Usiiuze. Pipa la lita 200 halistahili hata kufikiriwa, na tangi dogo la haki laweza kungoja. Kaa na mwanao kwa upole, umwambie kwamba haja yake umeikubali, na mpatane muweke kando kiasi cha faida ya kila safari kabla ya kugawana, mpaka ipatikane bei ya tangi la lita 60 na ya fundi anayejua kazi. Kwa sasa, jerikeni mbili nzima za dizeli, zilizofungwa imara kwenye safari zisizo na abiria, zatosha kumvusha. Kijana mwenye akili atafurahi kuona mamake amelifikiria jambo lake kwa kina. Hatalichukulia kuwa kizuizi.

Sote twamjua yule bedui aliyefunzwa amfunge ngamia wake kwanza, kisha ategemee kwa Mola. Ngamia wa zama hizi ana magurudumu manne, na kamba yake ni bolti, vali na mikanda ya chuma. Kumfunga si uhaba wa imani. Ni sehemu ya imani.

Mwenyezi Mungu ambariki mwanao katika riziki ya halali, na awarudishe salama wote walioko njiani.

Wabillahi tawfiq.