BEJI YA STI NA KIWELE KILICHOFUNGWA



Ndugu zangu, nimeulizwa: kubandika beji ya STI kwenye Impreza ya kawaida kuna ubaya gani? Gari ni lako, unaliendesha mwenyewe, sigombani nawe (ingawa unajua unataka nani akuone). Ugomvi wangu unaanza siku unapoliuza.

STI ni kitengo cha michezo cha Subaru, kilianzishwa 1988. Mwaka 1997 Colin McRae alishinda Safari Rally hapo Kenya kwa Impreza. Mwaka uliofuata ikatoka 22B STI, magari 400 tu kwa soko la Japani. Hata STI ya namba GDB, isiyo adimu hivyo, ina injini ya tabo na gia sita za mkono. Ndicho unacholipia. Sasa mtu anachukua Impreza ya lita 1.5, anabandika herufi tatu za waridi, anagundisha pua juu ya boneti, anapandisha bei kwa mamilioni. Mkulima anatoa pesa ya mpunga wa msimu mzima.

Dalali ukimbana anasema: "Sheikh, mimi sikumwambia ni STI. Ana macho, kaona mwenyewe."

Jibu lake limo katika Hadithi ya Abu Huraira kwa Bukhari na Muslim. Mtume (s.a.w.) alikataza kumfunga ngamia au kondoo kiwele bila kumkamua ili maziwa yajae, mnunuzi adhani ndiyo kawaida yake. Muuzaji yule hakusema neno! Na mnunuzi alikuwa na macho, tena kiwele alikiona kimejaa kweli. Pamoja na hayo akapewa hiari hata baada ya kukamua: akiridhika abaki naye, asiporidhika amrudishe pamoja na pishi ya tende. Basi beji yako ni kiwele kilichofungwa. Kunyamaza kwako hakukuokoi, maana gundi imeshasema.

Wengine wanaona haya kukagua, eti ni kumdhania mwenzako vibaya. Mtume (s.a.w.) aliingiza mkono ndani ya rundo la nafaka sokoni akakuta limelowa chini. Na sisi watu wa Ifakara, nani ananunua gunia la mchele kwa kutazama mdomo wa gunia? Tunachoma bambo.

Bambo la gari ni namba ya chesisi. Fungua boneti usome bamba, ulinganishe na kadi ya gari. STI ya kizazi kile inaanza na GDB. GDA ni WRX, gari zuri, lakini si STI. GD2 na GD3 ni zile za lita 1.5. Usitosheke na ujazo wa injini kwenye kadi, kwa sababu zipo Impreza za lita 2 zisizo na tabo kabisa. Halafu tazama chini ya pua ya boneti: kwenye STI kuna intakula inayopokea ule upepo. Ukikuta bati halikutobolewa, funga boneti, mpe mkono, nenda zako.

Na wewe uliyekwisha kuuziwa: katika madhehebu yetu ya Shafi'i haki ya kurudisha kwa aibu ni ya haraka. Ukishajua, kisha ukaendelea kulipigia misele mpaka Mlimba, umeridhia. Lirudishe leo.