Safari ya Mwanafunzi Ipimwe Kando ya Kitanda cha Mgonjwa

Mwanafunzi wa udaktari anaporejea kutoka ziara ya masomo nje ya nchi, hutakiwa kuandika tafakuri ya aliyoyaona. Nyingi ya tafakuri hizo hufanana. Hueleza ukubwa wa hospitali zilizotembelewa, wingi wa mashine, usafi wa wodi na ukarimu wa wenyeji, kisha humalizia kwa masikitiko kwamba nyumbani hakuna vifaa kama hivyo. Msomaji hubaki akijua kinachokosekana, asijue mgonjwa wa nyumbani atanufaikaje na safari hiyo.

Tafakuri ya mwanafunzi mmoja wa Kitanzania aliyekwenda Uganda na wenzake kwa wiki 2, kujifunza tiba shufaa, inastahili kuzingatiwa kwa sababu ilianza vivyo hivyo, kisha ikageuka. Ukurasa wa kwanza ulijaa habari za njiani: Bukoba, mpaka wa Mutukula, Masaka, na picha iliyopigwa Kayabwe, mahali mstari wa ikweta unapoikata barabara iendayo Kampala. Ukurasa wa pili haukutaja mashine hata moja. Ulimtaja muuguzi aliyeketi mkekani.

Muuguzi huyo alikuwa amemtembelea nyumbani mama mwenye saratani ya mlango wa kizazi iliyokwisha kuenea. Kabla ya kufungua mkoba wake alimsalimu, akauliza habari za watoto, kisha akamwomba aonyeshe maumivu yake kwa vidole vya mkono mmoja: ngumi iliyofumbwa kama hakuna maumivu, vidole vyote 5 kama hayavumiliki. Mama alinyoosha vidole 4. Muuguzi aliuliza maumivu yanaanzia wapi na yanamzuia kufanya nini, akampima, akamwandikia mofini ya kunywa, akamfundisha binti yake namna ya kuipima na saa za kuitoa. Walipomrudia baada ya siku 2, mama alinyoosha kidole kimoja, akauliza kama wageni wamekwisha kula.

Mwanafunzi hakujua Kiganda. Katika mazungumzo yale alinasa neno moja, okuluma, ambalo kwa Waganda ni kuuma kwa meno na pia kuuma kwa maradhi, sawasawa na Kiswahili kinavyolitumia neno “kuuma”. Neno hilo lilimrudisha nyumbani. Alimkumbuka mzee mmoja katika wodi aliyofanyia mafunzo, aliyegumia usiku hadi wagonjwa wa jirani wakalalamika. Jalada la mzee huyo lilikuwa na majibu ya damu na picha za eksirei, lakini halikuwa na mstari hata mmoja kuhusu maumivu. “Wala mimi sikuwahi kumuuliza,” aliandika mwanafunzi. Sentensi hiyo ndiyo faida ya safari nzima.

Ni vyema ieleweke kwamba alichokiona Uganda hakikutokana na utajiri. Daktari Anne Merriman alipoanzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, alikuja na ujuzi alioutumia awali Singapore: mofini ya unga huchanganywa na maji safi, kihifadhi na rangi, ikawa dawa ya maji ambayo mgonjwa huinywa nyumbani kwake. Mwaka 2004 Uganda ilirekebisha utaratibu wake wa kisheria ili wauguzi na matabibu waliosomea tiba shufaa waruhusiwe kuandika mofini, kwa kuwa madaktari walikuwa wachache na wagonjwa walikuwa vijijini. Nchi yenye kipato kidogo iliamua kwamba maumivu ya mgonjwa asiyepona nayo yana haki ya kutibiwa.

Uamuzi wa namna hiyo bado ni adimu. Tume ya jarida la Lancet, katika ripoti yake ya mwaka 2017, ilionyesha kwamba kati ya tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zilizosambazwa duniani kwa mwaka, nchi maskini zaidi zilipata tani 0.1 tu. Pengo hilo halielezwi na bei pekee, kwani mofini ya kawaida si dawa ghali. Linaelezwa pia na woga: woga wa watunga sheria, wa watoa huduma, na wa wagonjwa wenyewe.

Mgonjwa anapotajiwa mofini, mara nyingi huhisi amehukumiwa kifo. Hapana budi aelezwe kwamba dawa hii hupewa mtu kwa sababu anaumia, si kwa sababu siku zake zimekwisha. Ikitolewa kwa ajili ya maumivu, kwa kipimo kinachopandishwa taratibu na kwa saa maalumu, kwa kawaida kila baada ya saa 4, hatari ya uraibu ni ndogo na hatari ya kudhoofisha pumzi hudhibitika. Usingizi na kichefuchefu vinaweza kujitokeza mwanzoni, kisha vikapungua. Choo kigumu huendelea, hivyo anayeandika mofini aandike pia dawa ya kulainisha choo. Familia iihifadhi mbali na watoto, wala isimgawie mtu mwingine. Haya ni maelezo ya dakika chache, na bila hayo chupa itabaki kabatini huku mgonjwa akigumia.

Wapo watakaosema kwamba mwanafunzi apelekwe kwenye teknolojia kubwa, kwani ya jirani anaweza kuyasoma kitabuni. Hoja hiyo ina uzito: upasuaji wa kisasa na tiba ya mionzi vina walimu wake, nao wengine wako mbali. Lakini mwanafunzi anayejifunza kwa mashine ambayo hospitali yake haitaipata kwa miaka mingi hurejea na hamu, ilhali anayejifunza katika nchi yenye hali kama yake hurejea na jambo la kufanya Jumatatu asubuhi. Vyuo vyetu havina budi kuzipa ziara za nchi jirani hadhi sawa na zile za Ulaya na Marekani.

Tafakuri nazo zibadilishwe. Badala ya kuulizwa ameona nini, mwanafunzi aulizwe ni mgonjwa gani wa nyumbani aliyemkumbuka akiwa ugenini, na ni tendo gani atakalolifanya kwa namna tofauti. Daktari bingwa anayemwongoza naye ampe nafasi ya kulitenda. Mwanafunzi huyu aliporejea, aliomba kiwango cha maumivu kiulizwe na kuandikwa katika kila raundi ya wodi. Alijibiwa kwamba muda hautoshi. Akaomba aruhusiwe kuanza na vitanda 6 vya upande wa dirishani, akaruhusiwa. Kuonyesha vidole hakuchukui hata dakika moja.

Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Safari ya masomo, hata iwe ndefu kiasi gani, huishia pale ilipoanzia, kando ya kitanda cha mtu anayeumwa. Wahenga hao hao walisema pia kwamba mgonjwa haulizwi uji. Yaani apewe tu. Kwa uji inafaa. Kwa maumivu aulizwe, kwa kuwa hakuna kipimo cha damu wala picha inayoyaonyesha, na anayeyajua ni yeye peke yake. Na mgonjwa asiyeulizwa asinyamaze kwa kuogopa kuonekana msumbufu: ainue mkono, aonyeshe vidole vyake.