Kipimo Kilichotoroka Maktabani

Mwaka jana niliketi katika kamati ya kupandisha vyeo ya chuo kimoja. Mbele yetu lilikuwa jalada la mwalimu wa ukutubi aliyetumia miaka kadhaa kuandaa mwongozo wa kupanga vitabu vya Kiswahili katika maktaba za shule. Mjumbe mmoja alifungua kompyuta, akatazama Google Scholar, akasema, "h yake ni 3." Jalada likafungwa. Nami, nakiri kwa aibu, sikusema neno.

Kwa asiyeifahamu h hii, ilipendekezwa mwaka 2005 na Jorge Hirsch, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California, San Diego. Mwenye h ya 3 ana makala 3 ambazo kila moja imerejelewa angalau mara 3, lakini hajafikisha makala 4 zilizorejelewa mara 4 kila moja. Basi. Haisemi aliyemrejelea alimsifu au alimkosoa, wala kama aliyemrejelea ni yeye mwenyewe.

Linaloniudhi zaidi ni kwamba hesabu hizi zilianzia maktabani. Mwaka 1927, Gross na Gross, nchini Marekani, walihesabu marejeo yaliyomo katika jarida mashuhuri la kemia ili kujua maktaba ya chuo kidogo inunue majarida gani. Eugene Garfield, aliyeijenga faharasa kubwa ya marejeo ya kisayansi katika miaka ya 1960, naye alikuwa na shahada ya ukutubi. Kwa akina Gross swali lilikuwa la rafu na bajeti: fedha ni haba, tununue lipi? Sisi tumekichukua kipimo cha kununulia majarida tukampimia mtu.

Tena tumempimia mtu ambaye hakimfai hata kidogo. Anayerejelea makala ni lazima naye aandike makala. Wasomaji wa mkutubi wengi hawaandiki, wanafanya kazi. Katika mfumo wa Dewey, fasihi ya Kiingereza imepewa kumi nzima, 820 hadi 829. Fasihi ya Kiswahili imesukumwa hadi 896.392, na ushairi, tamthilia na riwaya zetu zote husongamana nyuma ya tarakimu hizo. Mwalimu anayesimamia maktaba ya shule, ambaye mara nyingi ni mwalimu wa Kiswahili aliyekabidhiwa ufunguo tu, anahitaji kuambiwa afanye nini na rafu hiyo kabla kengele ya mapumziko haijalia. Mwongozo wa mwenzetu unamwambia. Nimeuona umetolewa vivuli, kurasa zimechakaa kwa kushikwa. Mwalimu yule hatachapisha makala ya kuurejelea. Kwa macho ya kompyuta, hajausoma.

Nitaambiwa kwamba bila nambari tutarudi kwenye upendeleo, undugu na ukabila. Hoja hiyo siidharau. Nimeyaona hayo pia. Lakini nambari haikuufukuza upendeleo, imeuvisha joho. Anayejuana na wengi hurejelewa na wengi, na wapo wanaoshikana mikono waziwazi: nirejelee nikurejelee. Dawa ya upendeleo ni wasomaji wa nje wanaousoma mwongozo wenyewe na kuandika sababu zao. Azimio la San Francisco la mwaka 2012 lilitaka jambo hilohilo, kazi ipimwe kwa yaliyomo na si kwa jina la jarida ilimochapishwa. Ni kazi ngumu, naam. Yahitaji kusoma. Sisi tunaolipwa kwa kusoma tulikuwa na mwongozo ule mezani, karibu na chupa za maji, na hakuna aliyeufunua.

Jalada litarejea kikaoni mwezi Novemba. Nimemwandikia katibu kwamba kila mjumbe apewe nakala ya mwongozo siku kumi kabla, na kwamba walimu wawili wanaoutumia waalikwe kueleza wanavyoutumia. Hajanijibu bado.